Vitufe vya Baba Ndinda

Nyinyi vijana mnaosimamia sauti makanisani na harusini hapa Kitengela, mimi huwa nawatazama. Nakaa benchi la nyuma, karibu na meza yenu, kwa sababu nilizoea kukaa huko miaka mingi na mbele naona kama nimepotea. Nawaona mkigusa kioo cha simu na spika za upande ule wa pili zinatii. Juzi mmoja wenu, msichana anaitwa Mwende, aliniuliza, "Shosho, nyinyi zamani mlikuwa mnafanyaje?" Nikaanza kumjibu, ibada ikaanza kabla sijafika popote. Kwa hiyo nimeandika. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, kwa hivyo msitafute maneno makubwa humu.

Fundi alikuwa Baba Ndinda, mume wangu. Jina lake ni Musyoka, lakini tangu tupate mtoto wetu Ndinda sikuwahi kumwita hivyo. Ametutoka miaka kadhaa sasa. Nikimtaja sana mnivumilie. Kila ninachokijua katika kazi hii kilipitia kwake, na nikijaribu kusimulia bila yeye nitabaki na waya tu.

Siku za kazi alikuwa fundi wa umeme katika shamba la maua kule Isinya, akitengeneza pampu za maji. Jumamosi alikuwa wa spika. Tulikuwa na spika mbili kubwa, amplifaya moja nzito kama jiwe la kusagia, na mikisa ya zamani, ile meza ya kuchanganyia sauti, iliyojaa nobu za kuzungusha. Mimi nilikuwa mwimbaji wa kwaya. Alianza kunichukua twende pamoja aliponigundua nainua kichwa kabla maiki haijapiga mluzi. Aliniuliza nasikia nini. Nikamwambia nasikia kitu kinataka kulia. Akaniambia hiyo ndiyo kazi yenyewe, mengine ni kubeba mizigo.

Na mizigo tuliibeba. Ngong, Isinya, Kajiado mjini, Mashuuru, popote palipokuwa na harusi, mchango au mazishi. Mnajua upepo wa huku. Uwanda ule hauna kitu cha kuuzuia, unaingia kwenye maiki na spika zinapiga kama mtu anayekung'uta godoro. Vile vifuniko vya sponji vilivyokuja na maiki watoto walivichukua vyote wakavichezea. Siku moja tukiwa kwenye harusi upepo ukazidi, Baba Ndinda akafungua mkoba wangu, akatoa soksi ya Ndinda, ya manjano, akaivisha maiki. Upepo ukanyamaza. Mshereheshaji, emsii kama mnavyomwita, akaishika akaitazama.

"Fundi, unataka niongee na mguu wa mtoto?"

"Ni safi," Baba Ndinda akamwambia. "Imefuliwa jana."

Tukatumia soksi miaka yote. Mkikosa sponji jaribuni, lakini iwe ya pamba nyembamba. Soksi nene hula herufi za mwisho za maneno.

Shida yetu kubwa ilikuwa kubadilisha. Kwaya inaimba, halafu mchungaji anaomba, halafu emsii, halafu muziki wa kaseti, na kila anapokuja mwingine unazungusha nobu nyingi kwa haraka, watu wakikuangalia. Ukisahau moja, mchungaji anaomba na mwangwi wa kwaya kana kwamba yuko ndani ya tangi. Baba Ndinda akaamua kuziwekea alama. Alienda kwa Halima. Halima alikuwa na duka la vitambaa, redio na betri pale Kitengela. Watu wake walitoka upande wa Garissa, na duka lilijaa ndugu zake, lakini aliyesikizwa ni yeye. Baba Ndinda akaomba rangi ya kucha, nyekundu, nyeupe na ya waridi. Halima akamuuliza ni za nani. Akajibu ni za mikisa.

"Nimesikia wanaume wakisema mengi hapa dukani," Halima akamwambia, "lakini hiyo bado."

Alasiri hiyo hiyo alikuja kwetu kuniona kucha. Akakuta mikisa mezani imepakwa vidoa, nyekundu kwaya, nyeupe mchungaji, waridi muziki. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini ile ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kuipa mashine kazi ya kukumbuka. Mambo yote yaliyokuja baadaye yalikuwa rangi ya kucha ya namna nyingine.

Sasa niwaambie lililotukuta. Miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga, Baba Ndinda alipatwa na kiharusi asubuhi akinyoa ndevu. Mungu alimrudishia maneno, akamrudishia mguu ingawa aliuburuta kidogo. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa pajani kama kitu alichoachiwa na mtu akishike. Kazi ya pampu ikaisha. Kilichobaki ni kile kiti cha plastiki nyuma ya mikisa siku ya Jumamosi, kwa sababu masikio yalikuwa yale yale.

Nikawa mkono wake. Alikaa, nikasimama pembeni, akaniambia punguza, ongeza, si hiyo, ya juu yake. Tulifanya hivyo kwa muda na sauti ilikuwa nzuri. Lakini watu waliona. Kwenye harusi moja Ngong, emsii aliyekuwa mchangamfu akatutazama akasema kwenye maiki, "Leo fundi ni Mama Ndinda. Baba Ndinda ni abiria tu, tumempa kiti cha dirishani." Watu wakacheka. Si watu wabaya. Baba Ndinda naye akacheka, akainua mkono wa kushoto kuwasalimu.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amevaa kandambili.

"Nenda tu," akaniambia. "Fundi ni wewe."

"Mimi niko na mkono. Masikio ni yako."

"Masikio yanafundishika."

"Na wewe utabaki ukifanya nini?"

"Nitalinda kuku."

Hatukuwa na kuku.

Nilienda peke yangu siku ile na siku zilizofuata. Nikirudi namkuta kwenye kiti kile kile, redio mbele yake, imezimwa. Mtu aliyekuwa akisikiliza hata pampu ya jirani na kusema inataka mafuta, sasa hakutaka kusikia chochote. Niliogopa. Sikuogopa kwamba atakufa, niliogopa kwamba ataendelea kuishi hivyo. Nilitaka kitu kimoja tu, arudi nyuma ya mikisa akae peke yake, bila mimi pembeni, na watu wamuone.

Njia ilitoka kwa Halima. Ndugu yake alikuwa ameleta vyombo vya mtumba kutoka Dubai, na katikati ya redio na vidio kulikuwa na mikisa ya kidijitali, nyeusi, yenye kioo kidogo na safu ya vitufe. Hakuna mtu dukani aliyeijua. Halima akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, hakutuma mtu.

"Baba Ndinda, niko na mashine imekataa kuongea. Hawa wangu imewashinda. Kuja uiangalie."

"Halima, mimi sina mkono."

"Sijakuuliza mkono. Nimesema uangalie."

Akaangalia. Jioni ile mashine ilikuwa mezani kwetu, na Halima alisema tukae nayo mpaka apate mtu wa kuinunua. Kama alimtafuta mtu huyo mimi sikuwahi kusikia.

Vile vitelezi vyake, vya kupandisha na kushusha sauti, vilikuwa na mota ndani. Niliviweka mahali, nikahifadhi, nikavishusha vyote, kisha nikabonyeza kitufe. Vikapanda vyenyewe, kila kimoja mpaka mahali pake. Baba Ndinda akaniambia nirudie. Safari hii aliweka kidole cha kushoto juu ya kitelezi kimoja, kikapanda kikiwa kimembeba kidole. Akakitazama.

"Inakumbuka mahali umeiweka," akasema.

"Inakumbuka."

"Rudia."

Nilirudia mara nyingi. Sikumuuliza kwa nini.

Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma polepole na kamusi ya shule ya Ndinda, neno kwa neno, maana yeye mwenyewe alikuwa shule ya bweni. Kulikuwa na neno makro lililojirudia, na kwenye kamusi halikuwepo. Nilimwambia Baba Ndinda labda ni jina la mwenye kampuni. Tukalielewa kwa kujaribu. Makro ni amri nyingi zilizofungwa pamoja, kama kwaya inayosubiri mkono mmoja wa mwalimu. Shusha muziki. Funga maiki za kwaya. Ondoa mwangwi. Fungua maiki ya mchungaji. Ukishaifundisha mashine mpangilio huo, unaufungia kwenye kitufe kimoja, na kitufe kimoja kinahitaji kidole kimoja. Baba Ndinda alikuwa navyo vitano vizima.

Tukaanza kutengeneza. Tulicheza kaseti ya kwaya, mimi nikisogeza, yeye amefumba macho. Juu. Juu kidogo. Umepita. Rudi. Hapo. Akisema hapo, nahifadhi. Kwa sehemu za watu wanaozungumza, mimi ndiye niliyekuwa watu. Nilihubiri, nilitangaza zawadi za maharusi, nilitoa rambirambi. Jirani alibisha mlango kuuliza kama tumeanzisha kanisa, na kama tumeanzisha, ibada ni saa ngapi.

Nawapa sasa mambo machache tuliyojifunza, kwa sababu bado naona mkiyakosea hata na simu zenu. Kwanza, funga kabla ya kufungua. Kitufe chetu cha kwanza cha sala kilifungua maiki ya mchungaji kabla muziki haujashuka, na mluzi uliotoka ulimfukuza paka wa jirani, sikumuona tena kwetu. Halafu, weka nafasi ya pumzi moja kati ya amri na amri. Mashine haina haraka wala haina subira, ni wewe unayeipa. Tena, kipe kitufe jina la kitu ambacho jicho linaona. Msiandike namba. Mtu akishtuka hasomi namba. Baba Ndinda aliandika majina kwenye utepe wa karatasi na kuubandika juu ya vitufe, KWAYA, SALA, EMSII, MUZIKI, UPEPO, MZEE. Aliandika kwa mkono wa kushoto, na herufi zililala kila moja upande wake kama nguzo za ua baada ya mvua. Nilitaka kumwandikia vizuri zaidi. Nikaacha.

UPEPO ndicho nilichokipenda. Kilikata sauti zote za chini kwenye maiki zote kwa pamoja, na ule mdundo wa godoro ukapotea. Hata hivyo hatukuziacha soksi. Alisema mashine isaidie soksi, na soksi isaidie mashine.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu ya mashine. Mikisa kama ile ilikuwa na betri ndogo ndani, kama ya saa, inayoshikilia vyote ulivyohifadhi. Betri hiyo ikifa, inakwenda na kila kitu. Mimi sikujua. Baada ya Baba Ndinda kufariki nilikaa muda mrefu bila kuigusa. Siku nilipoiwasha vitelezi vyote vilishuka chini kabisa, na kwenye kioo majina hayakuwepo. Mazishini kwake niliwahudumia wageni na watu wakasema nimejikaza. Siku hiyo ya mikisa sikujikaza. Hapo zake zote, kila mahali alipowahi kuniambia hapo, zilikuwa mle ndani. Kwa hiyo wanangu, wekeni nakala. Hifadhini mahali pengine, halafu mahali pengine tena. Msiseme mtafanya kesho.

Lakini nilikuwa nawaambia habari za kiti.

Vitufe vilipokuwa tayari, kazi ya kwanza ilikuwa harusi Mashuuru, nyumbani kwa kina bibi harusi. Usiku uliotangulia, tukipanga waya, Baba Ndinda aliniambia nikifika nisikae mezani kwake. "Wewe kaa na akina mama," alisema. "Nataka waone kiti kimoja." Nikakubali. Nilimsaidia kuunganisha kila kitu mapema kabla ya wageni kufika, nikamwekea kofia yake karibu, nikaenda kukaa kwenye hema la akina mama, upande ule ule wa kwaya. Nilikuwa naiona meza yake yote. Emsii alikuwa yule yule wa Ngong. Nilimwona akiangalia kile kiti, akatafuta ni wapi niliko.

Kulianza vizuri. KWAYA, wakaimba. SALA, mwangwi ukaondoka na mchungaji akasikika kama amekaa mbele yako. Upepo ukaja, nikaona mkono wa kushoto umeshafika kwenye UPEPO. Mama mmoja jirani yangu aliniuliza kama yule ndiye mume wangu, yule fundi. Nikamwambia ndiye. Hakujua amenipa nini.

Kisha akaitwa Mzee Koinet, babu yake bibi harusi, awabariki maharusi. Mzee mrefu, shuka nyekundu, masikio yameanza kuwa mazito. Baba Ndinda akabonyeza MZEE.

Niwaeleze tulivyokitengeneza kitufe hicho, kwa sababu kosa lilikuwa hapo na lilikuwa letu wawili. Sisi tulilelewa kwenye kanisa ambalo mmoja akiomba wengine hunyamaza mpaka Amina. Kwa hiyo kitufe cha mzee kilifunga maiki zote isipokuwa yake, kikaiongeza ile yake, na mimi nikasema tuweke mwangwi mrefu kidogo, maneno ya baraka yapate uzito. Nyumbani nilibariki mimi, nikiwa peke yangu sebuleni, na ikasikika vizuri sana. Tulikuwa tumehudhuria baraka za Wamaasai miaka mingi. Tulijua kwamba mzee akitoa neno, watu wote huitikia Naai, yaani Ee Mungu, na neno linalofuata huisubiri Naai hiyo. Lakini mikisa ya zamani ilikuwa dhaifu na ilivuja kila upande, Naai zikajiingilia zenyewe, hatukuwahi kuzifanyia kazi. Mashine mpya haikuvuja.

Mzee akatamka neno la kwanza. Sauti yake ikatoka kwenye spika kubwa kama inatoka kwenye kilima. Watu wakaitikia, lakini mwangwi ulikuwa bado unaendelea, ukawafunika. Waliokuwa mbali wakaitikia wakiwa wamechelewa. Na mbele ya mzee kulikuwa na spika ndogo iliyomrudishia sauti yake mwenyewe peke yake. Akasubiri. Akarudia neno. Watu wengine wakaona afadhali wanyamaze wasikilize, kama wanavyosikiliza redio. Mzee akaigonga maiki kwa kidole. Akageuka akaitazama meza ya Baba Ndinda, akasema kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe, "Hii mashine inakula Naai zangu."

Kicheko kikazuka kwenye mahema yote. Nikamwona emsii anasogea kuelekea maiki yake, mdomo umeshaanza kutabasamu, na nilijua neno gani liko mle. Nikasimama. Nilikuwa nimeshaweka mguu nje ya hema. Nilijua cha kufanya, ilikuwa ni kazi ya kufumba na kufumbua kwa mtu mwenye mikono miwili, ondoa mwangwi, shusha mzee, fungua kwaya. Kitufe cha hayo hatukuwa nacho. Na nikamwona Baba Ndinda ameinua kichwa, vile alivyokuwa akiinua kusikiliza pampu. Alikuwa anasikia shida iko wapi. Mkono wa kushoto ukatoka kwenye vitufe ukaenda kwenye vitelezi.

Nikarudi nikakaa. Yule mama jirani akaniangalia. Nikashika mikono yangu kwa mikono yangu.

Alianza na mwangwi. Mkono ukavuka mikisa yote kutafuta mahali pake, ukakosea, ukarudi, ukapata. Kisha maiki ya mzee, chini kidogo. Ilichukua muda. Uwanja mzima ulikuwa ukitazama mkono mmoja ukifanya kazi ya miwili. Emsii akafungua kinywa. Mzee Koinet akamwinulia kiganja, naye emsii akakifunga. Halafu mzee akasema kwenye maiki, si kwa sauti ya baraka, kwa sauti ya mtu anayemwambia jirani.

"Fundi, polepole. Hatuna haraka."

Baba Ndinda akaitikia kwa kichwa. Akafungua maiki za kwaya, moja baada ya nyingine, zile zilizokuwa zimesimama karibu na sisi akina mama. Akazipeleka kwenye ile spika ndogo ya mzee. Nikasikia pumzi zetu wenyewe zimeingia kwenye spika. Akainua kidole gumba cha kushoto.

Mzee akatoa neno. Tukaitikia Naai, na Naai yetu ikamfikia. Niliona mabega yake yanashuka. Akatoa lingine, na lingine, akaongeza mwendo, na sisi tukaongeza, mpaka hata waliokuwa wakipakua chakula walisimama na miiko wakiitikia. Sijui Kimaa cha kutosha kuwaambia alibariki nini. Nadhani ng'ombe, watoto na mvua. Mimi niliitikia vyote.

Kwenye kufunga shughuli, emsii alishukuru wapishi, akashukuru kwaya, akamshukuru fundi kwa jina. Hakuongeza kitu.

Tulifika nyumbani jua likiwa limeinama. Nilipika chai. Baba Ndinda alikaa mezani, mikisa mbele yake, akaanza kunieleza kitufe kipya kitakachokuwa na Naai ndani yake, maiki zipi zifunguliwe na kwa kiasi gani. Alizungumza sana. Tangu asubuhi ile ya kunyoa sikuwa nimemsikia akizungumza hivyo. Halafu akakizungusha kikombe.

"Nilikuona ukisimama," akasema.

Nilidhani amekasirika.

"Ungekuja ningekuelewa. Lakini pia nilikuona ukikaa."

Akanisogezea kikombe chake kwa mkono wa kushoto, nimuongezee chai.